Neno Moja la Bi Halo

Mama yangu alikuwa na sauti ambayo watu waliipigia simu makusudi. Sisemi hivi kwa kuwa ni mama yangu. Mimi si mtu wa kusifia ndugu, na waliokaa nami wanalijua hilo. Alikuwa opereta wa simu katika hoteli kubwa, ile ya ghorofa nyingi iliyotazamana na benki, na wageni walimpigia kumuuliza saa ngapi ilhali wamevaa saa mkononi. Mtaani walimwita Bi Halo. Hata muuza mkaa akibisha mlango, Mama alimwitikia kwa sauti ileile ya kazini, laini, yenye tabasamu ndani yake, na muuza mkaa akajikuta anaongeza kopo la mwisho bila kuombwa.

Chumba chake cha kazi nilikiona nikiwa mdogo, siku alizokosa wa kuniachia. Kilikuwa nyuma ya mapokezi, hakina dirisha, na ukuta mmoja wote ulikuwa ubao wa matundu na waya. Kitaa kikiwaka, Mama anachomeka waya, anasalimu, anauliza anayetafutwa, anachomeka mwingine. Alivaa visikizio masikioni tangu anaingia mpaka anatoka, na nywele zake zilikuwa zimelala pale vilipokaa, hata siku za mapumziko. Kazi ile ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote: opereta hakati simu na hajibu tusi. Mtu akikutukana unamwambia asante kwa kusubiri, halafu unamuunganisha. Mama alimeza vya watu miaka yote hiyo, na sisi hatukuwahi kumsikia hata akicheua.

Nyumbani ndiko kulikuwa na kesi. Kaka yangu aliwahi kumwita paka mshenzi, akasukutulishwa kwa maji ya chumvi, paka mwenyewe akiwa shahidi. "Kinywa ni jumba la maneno," Mama alisema, "na mimi sitaki wapangaji wachafu." Tulikua tukiogopa kumtukana hata mbu.

Kaka akawa mwalimu mkuu, mtu wa tai na shingo ngumu. Mimi nikawa fundi cherehani. Mama alipostaafu tulikaa nyumba moja: Kaka, wifi yangu na watoto wao upande wa mbele wenye sebule, mimi na Mama upande wa nyuma karibu na jiko. Nampenda kaka yangu. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele linaweza lisionekane.

Siku kiharusi kilipompiga, Mama alikuwa anachagua mchele. Nilisikia sinia likianguka, nikamkuta amekaa sakafuni, mdomo umekwenda upande, punje zimemzunguka, ananitazama kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. Hospitali walimlaza. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na kwa siku kadhaa hakutoa hata mguno. Kisha asubuhi moja muuguzi akaja kumgeuza, na Mama akafungua mdomo, akasema neno.

Sitaliandika. Mnalijua. Ni la Kiingereza, fupi, la kutemwa kama kokwa. Linachorwa kwenye milango ya vyoo vya stendi na watu wasiojua neno jingine hata moja la lugha hiyo. Muuguzi aliuachia mto ukaanguka. Mimi niligeuka kutazama nyuma yangu, nikidhani kuna mwanamume ameingia. Ilikuwa sauti nzito, ya puani, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Ilitoka kwenye midomo ya mama yangu, naye mwenyewe akashtuka kuisikia, akazungusha macho kumtafuta aliyesema.

Daktari alitueleza taratibu. Sehemu ya ubongo inayopanga maneno ilikuwa imeharibika. Lakini matusi na mengine yanayomtoka mtu bila kupangwa hukaa mahali pengine, na mara nyingine ndiyo yanayosalia.

"Hatukani," alisema. "Anatafuta maneno, na kila akipapasa anashika hilohilo. Akili yake ni nzima. Kila mnachosema anakielewa."

"Hajawahi kulitamka maishani mwake," Kaka alisema.

"Pengine. Lakini amelisikia."

Tulipofika mlangoni kwetu Kaka akaniambia, "Jambo hili lisitoke nje ya nyumba hii."

"Ulimi hauna mfupa, Kaka," nilimjibu. "Utaufunga na nini?"

Basi Mama akarudi nyumbani na neno lake moja. Kiingereza changu mimi ni cha lebo za nguo, kwa hiyo nilichukua kamusi kubwa ya Kaka rafuni nikatafuta. Kamusi ilisema ni neno la matusi, la mtaani, la kuonyesha hasira au dharau, lisilofaa mbele za watu. Chini yake ilikuwa imepanga mifano ya matumizi, na nilipoisoma nilicheka peke yangu jikoni, kwa sababu ya Mama haikuwemo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba neno hilo maana yake ni naomba maji. Hakuna palipoandikwa kwamba likisemwa mara mbili haraka ni nigeuze, ubavu unaniuma, wala kwamba likisemwa chinichini huku mtu anashika kidole chako ni umekula wewe, mwanangu? Nilijifunza yote hayo kitandani pake, kama mtu anavyojifunza kilio cha mtoto mchanga.

Maana nilizizoea. Sauti ndiyo iliyonishinda. Mama alikuwa akiomba maji kwa sauti ya mwanamume. Ningekuwa jikoni nakuna nazi, mchana kweupe, nikasikia mtu mzima wa kiume amenguruma chumbani kwa mama yangu, nywele zinasimama, ndipo nakumbuka. Nikiingia namkuta Mama amejikunyata, anautazama mlango, kana kwamba naye amemsikia na anangoja nimfukuze. Wifi yangu alianza kuniachia chakula kizingitini.

"Naogopa, wifi," alisema. "Usinicheke. Mle ndani mko watatu."

Sikumcheka. Na mimi nilikuwa nimeanza kulala na taa inawaka.

Aliyetufumbua macho alikuwa Mama Zamu. Tulimwita hivyo tangu utoto kwa sababu yeye na Mama walipokezana zamu kwenye ubao ule wa simu; mmoja akivua visikizio, mwingine anavivaa vikiwa bado na joto. Alikuja na machungwa, akaketi kwenye kigoda, akamshika Mama shavu. Mama alifurahi mpaka machozi yakamtoka upande mmoja. Akafungua mdomo kumsalimu shoga yake, na neno likatoka kwa sauti ile.

Mama Zamu alisimama. Alisimama wima, akanyoosha kola ya gauni, mikono ubavuni, na midomo yake ikasema, "Ndiyo, bwana," kabla yeye mwenyewe hajajua. Bibi mwenye wajukuu. Nikamshika mkono, nikampeleka uani.

"Huyo ni Meneja," alisema. "Hiyo ni sauti yake hasa. Mungu wangu, yule mtu amekufa zamani."

Akanieleza. Meneja alikuwa akipiga ubaoni kila asubuhi kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote. Hakusalimia. Alianza na neno lile, na alilisema kama unavyomwita mtu kwa jina lake.

"Ndilo lilikuwa jina letu," Mama Zamu alisema. "La kwangu na la mama yako, sote wawili. Majina yetu ya kweli hakuwahi kuyauliza. Anakwambia hivyo, halafu anakwambia namba anayoitaka, na wewe unamwambia asante kwa kusubiri."

"Na nyinyi mlikubali?"

"Mimi nilikuwa natoka nyuma jikoni nautukana ukuta mpaka koo linakauka. Wapishi walinizoea. Mama yako hakutoka. Alivua visikizio, akavifuta kwa kitambaa, akavivaa tena. Nilimwambia, shoga, tema, hicho kitu kitakuoza ndani. Akaniambia, 'Nikitema watoto hawasomi.' Basi. Hatukulizungumza tena."

Alimenya chungwa akasahau kulila. Nami nilihisi hasira ambayo sijawahi kuihisi kabla wala baada, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa kaburini, na wakati huohuo alikuwa chumbani amelalia mto nilioushona mimi. Alikuwa amemwita mama yangu hivyo hata Mama akakosa pa kuliweka, akalilaza ndani, chini kabisa. Na mafuriko yalipokuja yakabeba kila kitu, kikabaki kile kilicholala chini.

Mama Zamu alipoondoka niliingia. Mama akalisema, kwa sauti ya Meneja, na macho yake yakaniomba radhi. Nikavuta kigoda.

"Wewe Meneja," nikasema, "nisikilize vizuri. Huyu ana jina. Tena ana watoto, na mmoja wao ni mimi, na mimi silipwi kwa sauti yangu." Kisha nikamtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, polepole, kuanzia unyayo kwenda juu, na nilipoishiwa nilikwenda nikachungulia uani kutafuta mengine. Nilitumia matusi niliyoyasikia gereji na sokoni, na mawili niliyoyatunga papo hapo. Maji ya chumvi ya nyumba nzima yasingetosha kunisukutua.

Mama alinikodolea macho. Nikangoja kofi la mkono wake mzima. Badala yake bega lake likaanza kutikisika, nikadhani amepatwa tena, kumbe anacheka. Alicheka kwa nusu ya uso, kamasi zinamtoka, na nilipomfuta aliusukuma mkono wangu, akanionyesha kwa kidole: endelea.

Ikawa ndiyo dawa yetu. Kila sauti ile ilipotoka, nilimjibu Meneja kwa niaba ya Mama. Yale aliyoyameza kwa miaka, mimi niliyatapika kwa zamu. Na kidogo kidogo, sijui niseme vipi, yule mtu akaanza kuchakaa. Uzito ukapungua. Pua ikapotea. Siku nyingine neno lilitoka kwa sauti mbili zilizogombana njiani. Mpaka asubuhi moja nilimpelekea uji, akanitazama, akalisema, na ilikuwa sauti yake. Laini, yenye tabasamu ndani. Sauti ya Bi Halo. Neno lilelile chafu la vyoo vya stendi, na lilikuwa linaniambia habari ya asubuhi, mwanangu.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia kama mtoto. Mama akalisema tena, taratibu, akinipapasa mgongo. Chumbani tulikuwa wawili tu.

Ningekuwa mtunga hadithi ningeishia hapo. Lakini Mama alikuwa amepata sauti yake, na mtu aliyepata kitu chake hakifichi. Aliomba kitanda kisogezwe dirishani. Akaanza kusalimia wapita njia. Muuza mkaa alisalimiwa, fundi baiskeli akasalimiwa, mama mjamzito wa jirani akaombewa heri, wote kwa neno moja, kwa sauti tamu iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara. Mtaa ulicheka wiki moja, kisha ukazoea, na wengi wakawa wanaitikia kwa kumpungia mkono. Wasiozoea walikuwa wanafunzi wa Kaka. Walipita pale makusudi wakienda shule, na haukupita muda neno likawa salamu ya uwanja mzima wa shule. Wakiulizwa wanasema wamefundishwa na mama yake Mwalimu Mkuu.

Kaka wakati huo alikuwa anatajwa kupewa usimamizi wa shule zote za eneo letu. Wakubwa walikuwa waje nyumbani, wakae, wamwone mtu na familia yake. Alikuja chumbani kwetu na kichupa mfukoni.

"Ni matone tu ya usingizi," aliniambia. "Mchana mmoja. Wageni wakiondoka anaamka."

"Hapana."

"Dada, nimevumilia. Nimekuwa kichekesho."

"Kaka, neno hilo sasa ni lake. Amelipigania mpaka amelipata. Ukimnyamazisha leo, hujui ni nani atakayeamka."

"Hadithi za jikoni hizo," alisema, akarudisha kichupa mfukoni. Nikaamini limekwisha. Akufukuzaye hakwambii toka, na anayetaka kukuzunguka hakuagi.

Mimi mchana nashinda kibandani kwangu na cherehani. Siku ya wageni Mama alilala, nikaambiwa amechoka. Nilikubali, mgonjwa huchoka. Lakini wageni walikuja tena, kisha akaja mkaguzi, kisha wazazi wa wanafunzi, na kila nikirudi Mama amelala, ulimi mzito, dirisha limefungwa. Wifi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alinikuta nafua, akanyoosha mkono, akanionyesha kichupa. Kilikuwa kimebaki maji ya chini.

Nilimkuta Kaka sebuleni anasahihisha karatasi. Sikumwamkia. Nilimwambia yote aliyoyasema Mama Zamu uani, mwanzo hadi mwisho: Meneja, jina alilowaita, visikizio vilivyofutwa kwa kitambaa. "Alilimeza usome," nikamwambia. "Hiyo tai shingoni kwako imetoka kwenye neno hilo. Na wewe umeona aibu nalo mpaka ukamlaza mama yako kwa dawa."

Aliivua tai, akaikunja, akaiweka juu ya karatasi za watoto. Kichupa akakimwaga mwenyewe, nikimwona.

Dawa ilimtoka Mama mwilini. Aliamka, akala, akanishika kidole kama zamani. Nikafungua dirisha. Muuza mkaa akapita, akapunga mkono, akangoja. Mama alimtazama, hakusema kitu. Siku iliyofuata hakusema. Nilimtukania Meneja matusi yake yote, alinitazama kwa upole kama mtu anayesikiliza habari za mji wa mbali. Daktari alimpima akasema huenda kiharusi kidogo kilimpiga tena akiwa usingizini, huenda ni dawa, huenda ni yeye mwenyewe ameacha, haikuwezekana kujua. Aliongeza kwamba akili bado ni nzima, kila tunachosema anakielewa. Sijui kwa nini aliona hilo ni la kutufariji.

Nyumba ikawa na kimya kibaya. Tulikuwa tunatembea kwa kunyata, tumetega sikio. Niliyekuwa nikiruka kwa woga kila neno lilipotoka, sasa niliacha maji ya bomba yamwagike ili nisikilize kama limetoka. Wifi alihamishia kigoda chake chumbani, akawa anachambulia mboga humo. Kaka alikuja kila akitoka shule. Alimsomea gazeti. Alimchana nywele, pale zilipokuwa zimelala kwa visikizio, na hakujua kuchana.

Alasiri moja nilikuwa nakunja nguo mle ndani, akaja akapiga magoti kando ya kitanda. Viatu vya kazi miguuni, vumbi la chaki kwenye mikono ya shati.

"Mama," alisema, "nitukane."

Mama alimtazama.

"Nitukane, Mama. Niko hapa. Dirisha liko wazi, na wapita njia wasikie, na shule nzima isikie. Sema tu lile lako."

Mama aliinua mkono wake mzima akamgusa paji la uso, akaurudisha. Midomo haikutikisika. Kaka akasogea karibu zaidi. Nadhani alitaka kumkumbusha. Nadhani aliona neno limepotea humo ndani, na akataka kumwokotea alishike tena. Ndivyo tulivyofundishwa sote kusema, mtu anatangulia nawe unafuatisha. Kaka yangu, ambaye tangu siku ya paka hakuwahi kutamka jambo chafu, alipanguza midomo akalisema.

Nililiona linakuja na sikuwahi kumziba mdomo. Kaka amesoma, Kiingereza chake ni kizuri. Alilisema sawasawa, kwa sauti nzito ya mwanamume aliyezoea kusikilizwa, na kwa machozi yaliyomjaa, sauti ikamtokea puani.

Mama akateremsha macho. Hakulia wala hakushtuka. Alijivuta nyuma ukutani, polepole, kwa ule upande mmoja unaotii, kama anayempisha mtu mkubwa njia. Kisha mkono wake mzima ukatafuta ukingo wa shuka, ukalishika, ukalivuta juu mpaka likafunika mdomo wake wote, na hapo ukalishikilia.

"Mama, ni mimi," Kaka alisema. "Mama. Ni mimi."

Alimwambia hivyo mpaka jua likatua, na Mama hakuliachia shuka.